Kwa Nini Gordy Analitaka Gari la Verna

Mnyororo ulikuwa umeshakazwa chini ya bampa!

Ndiyo, msomaji wangu, ule mlio wa chuma uliomgeuza Verna Mlakar wiki iliyopita, simu ikiwa bado sikioni, ulikuwa mlio wa mnyororo. Alichungulia dirishani akaona gari la kuvutia magari limerudi kinyumenyume mpaka mlangoni kwake. Na aliyepiga magoti kwenye matope akilifunga gari lake hakuwa mfanyakazi wa yadi ya magari. Alikuwa mwenye yadi mwenyewe, Gordy Tuominen, mtu wa miaka sitini na minne ambaye goti lake lilipasuliwa hospitali mwezi uliopita tu.

Kwa wewe unayetufungua leo kwa mara ya kwanza, nakupa kwa haraka halafu twende. Verna ni mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Mumewe, Iggy, aligongwa kando ya barabara Januari ya mwaka jana, aliyemgonga akatokomea, na mpaka leo hajulikani. Jumamosi iliyopita Verna alikwenda yadi peke yake, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akanunua gari la kijani lililotumika. Hapa kwetu Ahola, na Minnesota nzima nadhani, unaondoka na gari siku hiyohiyo, benki inatoa jibu lake baadaye. Basi tangu Jumatatu Gordy hamwachi mama wa watu apumue. Simu asubuhi, simu mchana: benki imekataa mkopo, lirudishe gari.

Na sasa hivi binti wa benki amemwambia Verna, "Mama, mkopo wako ulipita Jumamosi ileile. Gari ni lako."

Haya, niambie wewe. Mtu aliyekuwa rafiki wa mumeo, aliyebeba jeneza lake begani, anakudanganya kwa lipi?

Verna hakutafuta viatu. Alitoka na ndara zake za chumbani, akakanyaga matope ya Aprili.

"Gordy! Fungua mnyororo wako!"

"Shemeji, habari za asubuhi."

"Habari gani, na unaniibia mchana kweupe? Fungua!"

"Siibi, shemeji. Si nimeshakueleza? Benki imesema..."

"Nimetoka kuongea na benki sasa hivi. Wamepitisha tangu Jumamosi. Haya, leta uongo mwingine, huo umeisha."

Gordy alinyanyuka taratibu, akijishika goti. Mimi Gordy namjua mwaka wa thelathini huu. Anauza magari kila siku ya Mungu, lakini akisema uongo masikio yanamwiva. Asubuhi ile yalikuwa mekundu mpaka chini.

"Breki," akasema. "Breki zake mbovu. Sitaki ufe barabarani."

"Jana nimeshuka nalo kilima cha kanisa. Limesimama palepale nilipotaka lisimame."

"Kuna kasoro ya kiwandani pia."

"Iandike. Kalamu nakuletea."

"Shemeji, basi nisikilize. Nakupa jingine. Lile jeupe lililoko pale mbele, jipya kuliko hili kwa miaka minne. Viti vyake vinapata moto vyenyewe. Huongezi hata senti."

Hapo ndipo alipoharibu! Nani amewahi kusikia mwenye yadi anakukimbiza na gari bora zaidi, bure, akikubembeleza ulichukue? Verna alimtazama yule mtu, akalitazama gari lake la kijani. Halafu akafungua mlango, akaingia, akajifungia, akabonyeza honi.

Akaibonyeza mpaka mapazia ya mtaa mzima yakafunguka.

"Haya, livute!" akapaza sauti nyuma ya kioo. "Livute na mimi nikiwa ndani, tuone utamwambia nini Padri!"

Alidhani Gordy atacheka au atatukana. Gordy hakufanya lolote kati ya hayo. Aliweka kiganja juu ya kioo, na mzee yule akaanza kulia.

"Toka humo, shemeji," akasema. "Nakuomba kwa jina la Mungu. Usikae humo ndani."

Verna akaacha honi. Alikuwa amemwona Gordy akilia mara moja tu, kwenye mazishi ya Iggy.

Kabla hajauliza, lori la Louie likaingia uani. Louie Mlakar ni mdogo wake Iggy, fundi wa bodi za magari, mdomo wake haujui kupumzika. Verna alikuwa amemwita aje kumfungia waya wa kupashia injini moto.

"Ee, Gordy!" akaropoka kabla hajashuka. "Siku hizi unauza Jumamosi hii, unaiba Jumamosi inayofuata? Biashara imekuwa ngumu kiasi hicho?"

"Louie, usiingilie."

"Nimeshaingilia. Verna, unafanya nini humo? Toka, utaganda miguu na hizo ndara."

Verna akateremsha kioo kidogo. "Louie, lizunguke hili gari. Niambie lina nini."

"Louie, usiliguse," akasema Gordy.

"Wee! Mimi mtu akiniambia nisiguse gari, mikono inaniwasha."

Akalizunguka. Alikuwa anapiga mluzi. Alipapasa madigadi ya kushoto, akapapasa milango, akafika upande wa kulia mbele. Mluzi ukakatika.

"Verna. Hili gari limeshapita majira ya baridi mangapi?"

"Saba, waliniambia."

Sasa ninyi mnaoishi kwenye joto mtanisamehe, lakini hapa kwetu barabara zinamwagiwa chumvi miezi mitano kwa mwaka, na gari la baridi saba linaliwa na kutu, litake lisitake. Hakuna dawa. Louie akachuchumaa.

"Ya kushoto yameliwa. Milango imeliwa. Haya madigadi ya kulia hayana hata tone la kutu. Haya hayakukulia hapa, haya yametoka kusini, Arizona huko. Na boneti vilevile. Na taa." Akakwangua rangi kwa ukucha. "Na hii rangi aliipaka nani, kipofu?"

Gordy akajipangusa tope la gotini.

"Nakuuliza, bwana. Miaka ishirini na mbili kila kinachopondeka yadini kwako unaniletea mimi. Hata yule mwanamke aliyegonga sanamu ya Bikira Maria, uliniletea. Hili ulifanya mwenyewe, gizani, na mikono yako miwili ya kushoto. Kwa nini?"

"Ulikuwa na kazi nyingi."

"Mimi? Lini?"

Louie akalala chali kwenye matope, akawasha kurunzi ya simu, akajisukuma chini ya gurudumu.

"Kuna maandishi," sauti yake ikatoka chini. "Wale wauza spea zinazokatwa kwenye magari mabovu huandika kwa chaki ya njano, lini wamemtumia mtu mzigo. Subiri nifute tope. Januari. Tarehe kumi na tisa. Mwaka jana."

Verna aliufungua mlango mwenyewe. Alishuka taratibu, akashikilia kioo.

"Tulimzika Iggy tarehe kumi na nane," akasema.

Louie alitoka chini ya gari na tope mgongoni, akamwendea Gordy, akamkamata ukosi wa koti.

"Ni wewe?"

Gordy alimtazama machoni. "Ndiyo."

"Rudia!"

"Ni mimi niliyemgonga. Mpigie sherifu, aje anichukue."

Ah, jamani! Nimeandika mengi kwenye ukurasa huu, lakini uso wa Verna wakati ule nashindwa kuuandika. Huyu mtu alikuwa anakula mezani kwake kila Jumapili! Majira mawili ya baridi, theluji ikianguka, yeye ndiye aliyekuja na koleo kabla hata mama huyu hajaamka, akamsafishia njia mpaka mlangoni. Verna alikuwa akimwokea potica, mkate mtamu wa jozi, kwa shukrani, akimfungia kwenye kitambaa. Mikono ileile!

Alivua ndara moja akampiga nayo. Alimpiga kifuani, begani, shavuni, na Gordy hakuinua mkono.

"Ulimbeba!" alikuwa anapiga kelele. "Ulimbeba begani, Gordy! Ulinishika mkono kaburini ukaniambia Mungu atamfichua! Ulithubutuje? Ulithubutuje?"

"Nipige, shemeji. Una haki."

Louie alikuwa ameshapiga simu. "Njooni kwa Verna Mlakar. Aliyemuua kaka yangu tumempata." Akakata. "Wanakuja. Robo saa."

Akaegemea lori lake, anahema. Na hapo hapo, msomaji, kitu kikaanza kumtekenya kichwani. Akasogea tena.

"Hebu ngoja. Alhamisi ile Iggy aliyogongwa, asubuhi, wewe si ulikuwa na mimi?"

"Hapana," akasema Gordy haraka.

"Hapana nini? Tulikuwa juu ya paa la kanisa, watu wanane, tangu saa kumi na moja alfajiri, tunasukuma theluji paa lisituangukie. Chester wa ng'ambo ya barabara alimwona Iggy saa kumi na mbili na nusu anatembea na kofia yake ya rangi ya chungwa. Ndipo sherifu akaandika aligongwa kati ya saa hiyo na saa mbili. Saa kumi na mbili na nusu, Gordy, wewe ulikuwa unanimwagia theluji shingoni unacheka. Tulishuka saa tatu!"

Masikio ya Gordy yakaiva tena.

"Anadanganya," Louie akamwambia Verna. "Hakumgonga yeye. Anamficha mtu. Nani? Wewe mzee, unamficha nani?"

Gordy akafumba macho. "Shemeji, naomba niongee na wewe. Wewe tu."

"Hakuna cha wewe tu!" Louie akafoka.

"Louie, nenda kakae kwenye lori," akasema Verna.

"Lakini..."

"Nenda."

Alikwenda, akafunga mlango kwa kishindo. Verna alivaa ndara yake, akakaa kwenye ngazi ya baraza. Gordy akakaa pembeni yake, mguu mbovu ameunyoosha. Waliokuwa wanachungulia madirishani wangedhani ni watu wawili wazima wanaota jua la Aprili.

"Sema."

"Chester hakumwona Iggy."

"Aliapa."

"Alimwona mtu mwenye kofia ya chungwa. Shemeji, mji huu wa wawindaji, Januari, nani hana kofia ya chungwa? Chester hakusema uongo. Aliona mtu mwingine." Gordy alishusha sauti. "Iggy hakufa Alhamisi asubuhi. Alikufa Jumatano jioni. Wewe ulikuwa Duluth kwa dada yako. Hapakuwa na wa kujua kama alilala nyumbani ama hakulala."

Kumbukeni, daktari wa moyo alikuwa amemwamuru Iggy atembee asubuhi na jioni. Na Jumatano ile, saa tatu usiku, Verna alimpigia simu kutoka Duluth. Simu iliita mpaka ikachoka. Akasema moyoni, amelala mapema, mwache mzee wangu apumzike. Miezi kumi na mitano hicho ndicho kilichomshikilia: kwamba Iggy alilala usiku wake wa mwisho kitandani kwake, akaamka, akanywa kahawa yake. Sasa hata hiyo kahawa amenyang'anywa.

"Alikuwa nje," akasema. "Usiku kucha alikuwa nje, kwenye theluji."

"Ndiyo."

"Nikapiga simu nikasema amelala."

"Shemeji..."

"Umejuaje, Gordy?"

"Hili gari lilikuwa la yadi, la kuazima. Mtu akileta lake kutengenezwa, tunampa hili azungukie. Jumatano, saa kumi na mbili kasoro za jioni, aliyeliazima alilirudisha. Taa ya kulia imevunjika, madigadi yamepondeka. Akaniambia amegonga kulungu, kona ya machimbo ya zamani. Mimi nikacheka. Nikamwambia wewe wa kumi na moja tangu mwaka uanze. Nani hapa hajagonga kulungu? Unashukuru uko mzima, unapeleka gari kwa fundi, maisha yanaendelea. Nikampa ufunguo wa gari lake, akaondoka zake."

"Halafu?"

"Kesho yake jioni dereva wa greda la theluji akamkuta Iggy mtaroni. Nilipoambiwa ni wapi, nikarudi gereji nikalitazama gari vizuri. Kwenye grili kulikuwa na uzi wa sufu. Wa chungwa." Akashindwa, akaanza upya. "Ile kofia uliifuma wewe, shemeji. Nilikuwepo siku unamvalisha."

Verna alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Alilia bila sauti, mabega tu ndiyo yalikuwa yanapanda na kushuka.

"Mbona hukulipeleka likasagwe?" akauliza baadaye.

"Mara tatu nililipakia. Mara tatu nikarudi nalo. Nilijiambia ipo siku utaudai ukweli, na ushahidi wote umo humu. Nikalificha nyuma ya gereji, chini ya turubai. Nikaenda kupasuliwa goti, yule muuzaji mpya akaliona, akaliosha, akaliweka mbele. Akakuuzia wewe! Watu elfu tatu mji huu, akakuuzia wewe!"

"Aliyeliazima nani?"

"Hajui. Nakuapia, mpaka leo anaamini alimgonga kulungu. Hilo ndilo nililolilinda, hajui."

"Jina, Gordy."

"Sherifu anakuja. Mimi mke wangu alishatangulia, mtoto sikujaliwa, goti ndilo hili. Acha nichukuliwe mimi. Waambie nilikiri, Louie amesikia. Inaisha hapa hapa."

"Mimi ndiye mkewe! Nitajie jina!"

"Usinilazimishe, Verna."

Miaka yote hiyo alikuwa hajamwita kwa jina lake, ni shemeji tu. Verna alimgeukia. Nadhani kuna kitu kilianza kumjia wakati ule, kwa mbali, na akakataa kukitazama. Mama yeyote angekataa.

Honi mbili fupi zikalia barabarani.

Halikuwa gari la sherifu. Ilikuwa pikapu nyeusi yenye matope ya Dakota Kaskazini mpaka kwenye vioo, na aliyeruka nje alikuwa Darrin, mtoto wa pekee wa Verna na Iggy, mwanamume wa miaka ishirini na saba, mabega mapana ya baba yake. Anafanya kazi kwenye visima vya mafuta, wiki mbili kazini, wiki moja nyumbani. Gordy ndiye baba yake wa ubatizo. Mkononi alikuwa na boksi la maandazi ya sukari ambayo mama yake anayapenda.

"Bi mkubwa!" akaita. "Nimeendesha muda wa saa tisa kuja kuliona hilo gari lako, na wewe umekaa kwenye ngazi kama unamngoja mkopeshaji! Baba Gordy, shikamoo. Mbona umetapakaa tope? Na anko Louie kanuna nini humo kwenye lori?"

"Darrin," akasema Gordy, "ingia ndani."

"Nakuja. Ndilo hili? Wiki nzima kwenye simu, gari langu, gari langu..." Akalizunguka anatabasamu, akagonga boneti kwa kidole. Akasimama. Akainama akatazama kwenye dashibodi, akaona ufa mdogo uliokuwa pale siku zote. Akaanza kucheka.

"Ah, hapana! Baba Gordy, umemuuzia mama yangu hili? Mama, alikwambia? Hili ndilo aliloniazima wakati pikapu yangu ina giaboksi mbovu! Hili ndilo nililogongea kulungu!"

Gordy aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Verna hakuanguka. Wengi wamesema alianguka, si kweli. Alibaki amekaa wima kwenye ngazi, anamtazama mwanawe anavyocheka, mwanawe mwenye meno ya Iggy.

"Hujawahi kuniambia," akasema. Sauti ilitoka ndogo sana.

"Nikwambie saa ngapi, Mama? Niliondoka jioni ileile kurudi Dakota, nikafika nikalala, nikaamshwa na simu ya anko kwamba Baba..." Kicheko kikapungua. Akashusha macho. "Nani angekumbuka kulungu baada ya hapo."

"Darrin, basi," akasema Gordy. "Inatosha."

"Hapana, unajua nini? Yule mnyama alinisumbua kweli." Akaegemea gari, boksi la maandazi kwapani. "Mimi si mtu wa kugonga na kukimbia. Nilishuka. Theluji inaanguka huoni hata mkono wako. Nikawasha simu nikamulika mtaroni, sikuona kitu. Lakini nilimsikia. Alikuwa anakoroma huko chini, pole pole, anavuta pumzi anaiachia. Nikasimama hapo nadhani dakika tano. Nikasema, sina bunduki, hata nikimwona nitamfanyaje? Na barabara ya Dakota inafungwa saa mbili. Nikamwacha." Alitikisa kichwa. "Ningekuwa na bunduki, Mama, ningemmalizia mateso. Bado huwa namsikia."

Kule kwenye lori kioo kilikuwa kimeshushwa. Louie, mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa ameweka paji la uso juu ya usukani.

"Kwani kuna nini?" Darrin akauliza. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mama, mbona unalia? Ni gari tu. Lilitengenezwa, si unaona?"

Verna aliinuka, akamwendea, akamshika mkono. Mkono wa mtu mzima, una sugu za mabomba, una joto. Miezi kumi na mitano alikuwa anamwomba Mungu kitu kimoja tu, kumjua aliyemwacha mumewe afe kwenye theluji, ili amlaani mpaka siku ya kufa kwake. Mungu alikuwa amemjibu.

Gari la sherifu likakata kona ya mtaa, taa zinazunguka bila king'ora.

Gordy akajishika kwenye nguzo ya baraza, akanyanyuka. Hakumtazama mtu. Akaanza kuchechemea kuelekea barabarani, mikono yote miwili ameitanguliza mbele, tayari kufungwa.

"Anakwenda wapi?" Darrin akashangaa. "Mama, Baba Gordy kafanya nini? Mama!"

Mlango wa sherifu ulifunguka. Hatua kumi. Hatua nane. Kama Verna angenyamaza tu, asiseme neno lolote, mwanawe angelala usingizi wake usiku ule, na usiku uliofuata, na maisha yake yote. Angenyamaza tu! Na mzee asiye na hatia angekwenda jela kwa ajili ya nyumba yake.

"Gordy," Verna akaita. "Rudi hapa. Rudi ukae na sisi."

Gordy akasimama. Alitikisa kichwa, anamsihi kwa macho.

Verna akamgeukia mwanawe, akamfuta theluji isiyokuwepo begani, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mtoto.

"Darrin, mwanangu," akasema, "weka hayo maandazi chini."